Bikoni

Fomu imefika kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki,
imekunjwa mara nne.
Mstari wa kumi na mbili unauliza:
Sababu ya kuahirisha masomo.
Wameniachia nafasi ya sentimita saba na nusu.
Nimepima. Kupima ndiyo kazi niliyokuwa najifunza.

Nimelala chali, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
rula mkononi, mkanda wa chuma kiunoni.
Bati la juu yangu lina misumari mia mbili na sita.
Nimehesabu kwenda, nimehesabu kurudi,
hesabu imelingana.

Mwaka wa pili, upimaji ardhi.
Machi mgongo uliuma, nikasema ni mkoba.
Aprili nikasema ni godoro la hosteli.
Mei miguu ikagoma kwenye ngazi.
Pale Bombo daktari akainua picha dirishani:
kifua kikuu, kimehamia kwenye uti.
Pingili mbili zimeliwa kama muhogo ulioingiliwa na panya,
na mimi niliyefunzwa kunyoosha mistari
nikaambiwa nisiiname hata kuvaa kiatu.

Dawa ni bure, Mungu ambariki anayezilipia.
Ila uji si bure, yai si bure,
bajaji ya kwenda Bombo na kurudi si bure,
na huu mkanda ulikuwa baiskeli ya baba,
Swala, miaka ishirini na saba bila kutu.
Sasa inapeleka mikate Makorora na mtu nisiyemjua.
Kengele yake naijua.
Ikipita alfajiri, baba huongeza sauti ya redio
ili mama asiisikie.

Bumu lilikatika wiki ile ile niliyoomba ruhusa.
Kanuni iko wazi, nimeisoma: anayelipwa ni anayesoma.
Asiyekuwepo darasani hali, halali, haugui.
Lakini deni nililokwisha kula linanisubiri mlangoni,
lenyewe halijaugua hata siku moja.

Mama Semkiwa alikuja na machungwa ya Muheza.
Akasema, mwanangu, chuo kipo tu, hakina miguu.
Kweli, mama. Tumefanana.

Jumanne simu ikalia: elfu mbili.
Tena elfu mbili. Elfu moja na mia tano.
Mara thelathini na nane,
mengine majina ambayo sura zake sizikumbuki.
Nyanjige, kiongozi wa darasa, hakuandika pole.
Aliandika: Usirudishe. Bumu limetoka jana,
kila mtu kajinyima sahani moja ya wali.
Nikageukia ukutani,
jambo ambalo daktari amenikataza.

Lakini darasa si hazina.
Sahani za wali zina mwisho, na miezi imebaki tisa.

Ndiyo maana, afisa, naandika nje ya mstari wako,
nazunguka pembezoni, napanda hadi penye nembo.
Mwalimu wa vitendo alitufundisha porini:
mvua ikikukuta katikati ya kazi,
usikimbie na vifaa tu.
Kwanza chimba. Mwaga zege. Simika bikoni, andika namba.
Ukirudi kesho, ukirudi mwakani,
majani yamekupita kimo,
utaipapasa kwa mguu na kuanzia pale pale.
Hutaanza upya kutoka baharini.

Sikuomba mnibebe.
Naomba zege kidogo hapa niliposimama:
nauli ya kliniki, trei ya mayai,
kitanda changu wasipewe wengine moja kwa moja,
namba yangu ya usajili isifutwe.

Muhuri wa hospitali uko nyuma.
Nusu umefifia, nao wino uliwaishia.

Na kwenye mstari wenyewe, wa kumi na mbili,
nimeandika neno moja: Mvua.
Limechukua sentimita moja na nusu.
Sita zilizobaki nawarudishia.